Kitanda cha Saba: Mhadhara Kuhusu Madaktari Wenye Ubongo Tofauti

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mganga Mkuu wa Mkoa, waganga wafawidhi, matroni na wauguzi wakuu wa wodi, madaktari bingwa wenzangu, ndugu zetu wa utumishi, na ninyi madaktari watarajali mliojibanza kule nyuma karibu na mlango kama watu wanaosubiri kuitwa wodini wakati wowote: itifaki imezingatiwa.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie afya ya akili ya watumishi. Niliomba mada ipunguzwe upana, na Mwenyekiti akaniruhusu. Nataka kuwazungumzia madaktari wenye usonji. Wale ambao umakini wao huyumba na miili yao haitulii, hali ambayo sisi huiandika kwa herufi nne, ADHD. Wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uzembe. Na wenye dispraksia, ambao jicho likishaona, mkono huchelewa kufuata. Hali hizi mtu huzaliwa nazo au hukua nazo tangu utotoni. Hazihesabiwi kuwa wazimu, ingawa mwenye nazo anaweza kuugua msongo na huzuni kama mtu mwingine yeyote, na akikaa vibaya kazini huugua zaidi.

Kuhusu jina: kwa Kiingereza lipo neno lililoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, lililoundwa kwa kufuata lile la bioanuwai. Mimi nitasema uanuwai wa ubongo, na watu wenyewe nitawaita wenye ubongo tofauti. Wanaisimu waliomo humu watanisahihisha wakati wa chai.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba msaada wanaouhitaji madaktari hawa ni utaratibu mzuri wa kazi, ule ule ambao mgonjwa anauhitaji ili asife mikononi mwetu. Kwa hiyo anayeuita upendeleo aanze kwa kueleza mgonjwa naye anapendelewa na nani.

Hoja ya kwanza: watoto wale walikua

Mwaka 1896 daktari Pringle Morgan wa Seaford, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, aliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu kijana wa miaka 14. Kijana huyo alikuwa mwerevu, mwepesi wa michezo, hesabu hazikumsumbua, lakini kusoma kulimshinda kabisa. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, yeye ndiye angewapita wote shuleni. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Baltimore, Marekani, akaeleza habari za watoto 11, na maelezo yake yakawa msingi wa kile tunachokiita leo usonji.

Tangu hapo picha iliyobaki vichwani mwetu ni ya mtoto. Kliniki ni za watoto. Mabango ya kila tarehe 2 Aprili yana sura za watoto. Sisi wenyewe tukisikia usonji tunauliza kama mtoto ameanza kuongea, tunaandika rufaa, tunaita mgonjwa mwingine.

Yule wa kwanza katika orodha ya Kanner, Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, alikua. Alisoma chuo, akafanya kazi benki, akajifunza kuendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Mji wake ulikuwa umemzoea. Habari hii husimuliwa sana, na ni nzuri. Lakini mimi gofu hainishughulishi. Ninachokitazama ni kwamba benki ile ilikuwa ya ukoo wa mama yake. Aliingia kazini mahali ambapo hakuna aliyekuwa na haraka ya kumfukuza kwa sababu ya tabia zake. Sasa niambieni, ni wangapi kati ya watumishi wetu ambao ukoo wao una hospitali?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sidai kwamba hesabu hiyo inahamia moja kwa moja kwenye udaktari. Nasema tu kwamba haiwezekani iishie getini kwetu. Mwaka 2019 Mary Doherty, daktari wa usingizi wa Ireland ambaye mwenyewe ana usonji, alianzisha umoja wa Autistic Doctors International. Wanachama wake wamefikia mamia, na wanatoka katika nyanja nyingi za tiba. Watu hao hawakuingia udaktari juzi. Walikuwemo siku zote, wamenyamaza.

Kwetu wananyamaza zaidi, na tena ni vigumu kuwaona. Alama mojawapo iliyoandikwa sana katika vitabu vya Ulaya na Marekani ni kutomtazama mtu machoni. Hebu fikirini: kijana wa kwetu akizungumza na bingwa huku ameinamisha macho, nani atashangaa? Tutasema amelelewa.

Hoja ya pili: kinachowaangusha ni jinsi tulivyoipanga kazi

Chuoni mwanafunzi hukaa miaka 5. Ratiba ipo ukutani, vitabu vinajulikana, mtihani una tarehe. Mwenye ubongo tofauti anaweza kung'ara hapo, tena sana. Kisha anaingia utarajali. Anahamishwa kila baada ya miezi michache: upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto, uzazi. Kila wodi ina sheria ambazo hazijaandikwa popote: nani anapigiwa simu kwanza, kiti kipi ni cha bingwa, sista yupi hataki kuulizwa jambo akiwa anagawa dawa. Maagizo yanatolewa watu wakitembea. Simu inalia, ndugu wa mgonjwa anakuvuta koti, mashine inapiga kelele kwenye kona, na jambo kubwa kuliko yote unaambiwa na mtu aliyekupa mgongo.

Nitasimulia kosa langu, maana la mwingine sina haki nalo.

Miaka mingi iliyopita, katika hospitali moja ya mkoa, nilipewa mtarajali mmoja. Nilikuwa na mtindo wa kupita raundi kwa kasi, na nilijivunia kasi hiyo. "Kitanda cha tatu, ongeza dripu. Cha nne, rudia damu. Cha saba, simamisha dawa ya presha, picha ya kifua, mwite mtu wa mazoezi." Tukifika mwisho wa wodi kijana alikuwa amebaki na mambo matatu kati ya tisa. Siku moja nilimuuliza mbele ya wagonjwa, "Wewe chuoni ulipitaje?" Wodi nzima ikacheka. Mzee wa kitanda cha saba peke yake hakucheka. Alikuwa mwalimu mstaafu, na nadhani aliwahi kumwona mtoto wa namna ile.

Kesho yake kijana alikuja na karatasi aliyoichora miraba, kila kitanda na mraba wake. Akawa ananiomba nisimame hadi amalize kuandika. Nilimwona ananichelewesha. Na kwa kuwa salamu hazikuwa fani yake, aliweza kumpita matroni bila shikamoo akikimbilia faili, basi tukakubaliana wote kwamba ana kiburi. Neno hilo liwekeni akilini. Kwetu kiburi ndicho kipimo cha kwanza anachofanyiwa mwenye ubongo tofauti, na majibu yake hutoka siku hiyo hiyo.

Usiku mmoja alipokea mgonjwa wa moyo aliyehamishwa kutoka wodi nyingine. Makabidhiano yalifanyika kwa mdomo, mlangoni, kama ilivyo desturi yetu. Kijana, kwa kuwa alikwishajua masikio yake hayahifadhi, alikaa chini akasoma faili tangu ukurasa wa kwanza. Akakuta kadi mbili za dawa, ya wodi ya zamani na ya kwetu, na digoxin imeandikwa kwenye zote mbili. Mnaoijua digoxin mnajua haina mzaha. Dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana mno. Alinipigia saa nane usiku. Nilimwambia akate kadi moja, nikarudi kulala. Sikumpongeza usiku ule, wala asubuhi, wala siku aliyomaliza zamu yake kwetu.

Miaka tisa baadaye aliniandikia ujumbe. Hakupiga; simu hakuzipenda tangu zamani. Alikuwa nje ya nchi kikazi, amepimwa, amekutwa na ADHD. Aliandika: "Daktari, kumbe ilikuwa na jina." Nilikaa siku mbili bila kumjibu.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosiolojia wa Uingereza mwenye usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili. Si mmoja tu anayeshindwa kumsoma mwenzake. Yeye alizungumzia usonji, lakini mimi hoja hiyo ilinipata na kwa kijana wangu. Tulikuwa hodari wa kusema hatuelewi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama sisi tulimwelewa yeye, na sisi tulikuwa wengi.

Hoja ya tatu: karatasi ya Ifakara

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Kati ya 2007 na 2008 hospitali 8 katika miji 8 duniani zilijaribu karatasi moja ya Shirika la Afya Duniani. Ilikuwa orodha ya mambo 19 ya kuthibitishwa kwa sauti: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumba cha upasuaji. Miji yenyewe ilikuwa Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara. Ndiyo, Ifakara hii ya Kilombero, ya mpunga na mafuriko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Tazameni kilichomo ndani ya karatasi ile. Kila mtu chumbani anataja jina lake na kazi yake. Jina la mgonjwa, upasuaji anaofanyiwa na mahali pa kukata vinatamkwa, wote wakisikia. Wanaulizana kama dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa ndani ya saa moja iliyopita. Sindano, vifaa na pamba vinahesabiwa. Hakuna kubahatisha nani mkubwa, hakuna kudhani mwenzako anajua. Aliyesahau anakumbushwa bila kufokewa, na mwenye aibu ya kuuliza anakuta swali limekwishaandikwa.

Mimi nikiisoma naona kwamba mwenye usonji angeweza kuiandika: nani aseme nini, baada ya nani, kwa maneno gani. Mwenye umakini unaoyumba angeibandika ukutani. Lakini haikutengenezwa kwa ajili yao. Ilitengenezwa kwa ajili ya kila chumba cha upasuaji, hata cha mabingwa wa Seattle na London, maana nao husahau. Kama bingwa wa London alihitaji karatasi ili asiache pamba tumboni mwa mtu, kijana wangu aliyejichorea karatasi yake alikuwa na udhaifu gani ambao bingwa hakuwa nao? Alikuwa na kitu kimoja zaidi: alijua kwamba anasahau.

Niwe mkweli lakini. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako karatasi hiyo hiyo iliagizwa na serikali. Vifo havikupungua kwa kiasi cha kutajika. Kila mtu akawa na maelezo yake, na langu ni la kizee: karatasi iliyojazwa ili bosi aione haimwokoi mtu. Hata msaada kwa daktari mwenye ubongo tofauti, ukiletwa kwa waraka na kuishia kwenye mafaili, utakuwa hivyo hivyo.

Basi nini kifanyike? Maagizo ya raundi yaandikwe kabla ya kuhama kitanda, na bingwa asubiri. Makabidhiano ya zamu yawe na ukurasa mmoja wenye mpangilio uleule wodi zote, ili anayehamishwa kutoka watoto kwenda uzazi asianze upya. Ratiba ya zamu itoke mapema na isibadilishwe usiku kwa ujumbe wa simu. Kwa mwenye usonji badiliko la ghafla linaweza kumla siku nzima. Dawa zenye majina yanayofanana zitenganishwe kwenye rafu, na sehemu inayotofautisha majina iandikwe kwa herufi kubwa. Mwenye disleksia atashukuru, na mfamasia aliyechoka saa kumi alfajiri atashukuru pia. Kila mtarajali awe na mtu mmoja anayejulikana wa kumuuliza maswali ya kijinga. Na wodi iwe na meza moja mahali tulivu pa kuandikia, mbali na redio.

Namwona Katibu wa Afya ananitazama kwa jicho la bajeti. Ndugu yangu, meza tunazo. Ziko stoo.

Hoja ya nne: kusema au kunyamaza

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema kwamba kumnyima mtu marekebisho ya kazi yanayowezekana, yasiyomwelemea mwajiri kupita kiasi, ni ubaguzi. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Lakini tukijaza fomu, macho yetu hutafuta fimbo nyeupe na kiti cha magurudumu. Ulemavu usioonekana hauna kisanduku, na wenye nao wengine hawataki kabisa kuitwa walemavu, jambo ambalo nawaachia wenyewe.

Daktari akisema, anaogopa kuitwa chizi na kunyimwa masomo ya ubingwa. Asiposema, anajifunika. Anajifunza kucheka wenzake wanapocheka, anafanya mazoezi ya salamu njiani, anarudia kila hesabu ya dozi mara nne kwa siri, na akifika nyumbani hana neno lililobaki la kumwambia mkewe au mumewe. Hata Uingereza, ambako Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlazimu mwajiri kufanya marekebisho, madaktari wengi bado wanaficha.

Sisi tuna tatizo la ziada. Wataalamu wa kumpima mtu mzima ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Tukisema kila anayetaka maagizo ya maandishi alete kwanza cheti, tumemwambia asilete. Pendekezo langu ni rahisi na halihitaji kibali cha wizara: siku ya kwanza, muulizeni kila mtarajali, bila kumchagua, "Unashika maagizo vizuri zaidi ukisikia au ukisoma? Ni kitu gani wodini hukuchanganya?" Likiulizwa kwa wote, hakuna anayejitangaza. Na mwenye jibu refu mtamjua.

Hoja ya tano: mipaka

Hii nitaipita upesi. Mgonjwa ndiye wa kwanza. Daktari ambaye baada ya kusaidiwa kwa dhati bado hawezi kazi fulani kwa usalama aambiwe wazi, faraghani, na atafutiwe nyanja nyingine. Udaktari una vyumba vingi. Ukali kwa wauguzi hausamehewi kwa sababu ya jina la hali yoyote.

Na tafadhali, tusiwageuze kuwa malaika. Kuna ile tamthilia ya daktari kijana mwenye usonji, iliyoanzia Korea Kusini mwaka 2013 na kutengenezwa tena Marekani mwaka 2017. Najua wengi humu mmeitazama, hata wewe matroni. Kule kijana huona ndani ya mwili wa mgonjwa kama anasoma ramani. Wodini kwetu wengi wao ni madaktari wa kawaida, wazuri siku nyingine na wachovu siku nyingine. Haki ya kufanya kazi kwa amani haitolewi kwa waliojaliwa vipaji vya ajabu peke yao.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia. Mikutano kama hii ina desturi ya kuunda kamati. Naomba isiundwe. Badala yake naomba wodi moja tu, yoyote, ijitolee kwa miezi sita: ukurasa wa makabidhiano, maagizo yaandikwe kitandani, ratiba mapema, meza itolewe stoo. Tuhesabu makosa ya dawa kabla na baada, na tuwaulize watarajali wamelala vipi. Mwakani tukikutana hapa tuwe na tarakimu zetu wenyewe. Ifakara waliweza.

Ninyi wa kule nyuma karibu na mlango: ikiwa yupo kati yenu aliyejitambua jioni hii, namba yangu anayo Mwenyekiti. Unaweza kuandika, si lazima upige.

Na ninyi wakuu wa wodi: watarajali wapya wanaripoti mwezi ujao. Ratiba yao iwe mezani kabla hawajafika.